Nani Alitia Saini?

Mitaa miwili ya Eastlands jijini Nairobi, Mbotela na Ofafa, ina majina ya wanasiasa waliouawa. Tom Mbotela, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, aliuawa Novemba 1952, mwezi mmoja baada ya Gavana Evelyn Baring kutangaza hali ya hatari. Ambrose Ofafa, diwani wa jiji, aliuawa mwaka uliofuata. Mkazi wa Ofafa Jericho au Ofafa Maringo hulitaja jina la marehemu huyo kila anapomwelekeza mgeni, mara nyingi bila kumkumbuka mwenyewe. Mwulize sasa kuhusu wanasiasa walio hai. Maji yamekatika kwa sababu ya gavana. Unga umepanda kwa sababu ya rais. Vijana hawana kazi kwa sababu ya wale waliokula pesa katika kashfa ya Goldenberg. Atakayempinga, na hakosekani, atasema kwamba mtu mmoja hawezi kuharibu nchi nzima, kwamba shida zetu tuliachiwa na mzungu na hata malaika akiingia Ikulu atashindwa.

Ubishi huu umezeeka kuliko wengi wanaoubishania, na haujapata mwamuzi. Naamini historia ya mitaa hii inaweza kuuamua. Eastlands si sehemu ya mji iliyojiotea kiholela. Kuanzia Pumwani hadi Dandora, sehemu kubwa yake ilipangwa, ikapimwa, ikajengwa au ikagawanywa na serikali, na kila hatua iliacha karatasi yenye saini. Tukifuata saini hizo tutaona lawama inaishia wapi kwa mtu na inaanzia wapi kwa mpango.

Tuanze na shida ambazo hakuna rais wa Kenya aliyeziumba. Sheria ya ardhi ya 1915 iliitangaza ardhi kuwa ya Mfalme wa Uingereza, ikamkabidhi gavana uwezo wa kuigawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Pumwani ilitengwa kuwa mahali pa Waafrika, upande wa mashariki wenye udongo mweusi unaonasa maji na kugeuka tope zito kila msimu wa masika. Vilima vyenye hewa safi vya magharibi vikabaki vya Wazungu. Mwafrika alihesabiwa mpita njia mjini: aje na kipande chake shingoni, afanye kazi, akichoka arudi kwao. Kwa hiyo chumba kilikuwa cha kulala wanaume kadhaa, na mshahara ulikuwa wa mtu asiye na mke wala mtoto. Mwaka 1954 tume ya serikali yenyewe, iliyoongozwa na Carpenter, ilikiri kwamba malipo hayo hayawezi kumtunza mfanyakazi pamoja na jamaa yake, ikapendekeza mshahara wa mwenye familia. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940 ikiwa na nyumba za familia, ukumbi na nafasi za watoto kuchezea, ilikuwa kitu cha nadra.

Msongamano, umbali na uchache wa nyumba tulivirithi. Hata hivyo, wakati wa mkoloni kulikuwa pia na maamuzi ya watu wanaojulikana kwa majina. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi wa Jenerali George Erskine waliizingira Nairobi katika msako ulioitwa Anvil. Bahati, Shauri Moyo, Pumwani na mitaa mingine ya Waafrika ilisakwa nyumba kwa nyumba, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapakiwa kwenye malori, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kizuizini. Udongo mweusi hauna lawama yoyote hapo. Baring na Erskine walikaa, wakapima, wakaamua.

Kwa upande wa pili, ujasiri nao una majina. Mnamo 23 Aprili 1950, wiki chache tu baada ya Nairobi kupewa hati ya kuwa jiji, viongozi wa vyama vya wafanyakazi Fred Kubai na Makhan Singh walisimama katika ukumbi wa Kaloleni kwenye mkutano mkubwa, na hapo likapitishwa dai la uhuru wa mara moja kwa Afrika Mashariki. Walikamatwa Mei 15, na mgomo mkubwa ukasimamisha kazi mjini. Makhan Singh hakuachiwa hadi 1961. Ninawataja kwa sababu anayekataa kumlaumu kiongozi mmoja mmoja inambidi akatae pia kumshukuru, na sijaona mtu wa Kaloleni aliye tayari kufanya hivyo.

Uhuru ulipokuja, Eastlands ilikuwa na watu wake karibu na usukani. Charles Rubia alikuwa meya wa kwanza Mwafrika, tangu 1962. Tom Mboya, aliyeanza kazi kama mkaguzi wa afya wa baraza la jiji na kuingia siasa kupitia vyama vya wafanyakazi, alikuwa mbunge wa Nairobi Central, jimbo lililokuja kuitwa Kamukunji, na waziri. Wakati huo lilitendeka jambo ambalo halikuandamwa na maandamano yoyote, ingawa kwa maoni yangu limeiumiza mitaa hii kuliko risasi nyingi. Ile sheria ya ardhi ya mkoloni haikuvunjwa. Palipoandikwa Gavana pakawekwa Rais, na kalamu ikabaki ileile.

Nani alaumiwe kwa hilo? Jomo Kenyatta aliipokea kalamu na kuitumia, na mashamba yaliyohama mikono enzi zake ni ushahidi. Lakini Bunge lilikuwepo. Mawaziri walikuwepo, Mboya na Oginga Odinga wakiwa miongoni mwao. Hapa lawama ni ya kizazi kizima cha viongozi, na aliyekuwa na uwezo mkubwa zaidi anabeba fungu kubwa zaidi.

Julai 5, 1969, Mboya alipigwa risasi barabarani katikati ya jiji. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alishtakiwa na kuhukumiwa kifo. Kama kulikuwa na aliyemtuma, hakufikishwa kortini. Siku ya ibada ya wafu gari la rais lilipigwa mawe nje ya kanisa la Holy Family. Oktoba mwaka huohuo damu ilimwagika Kisumu, chama cha upinzani cha Odinga, KPU, kikapigwa marufuku naye akawekwa kizuizini. Mitaa ambayo miaka ishirini nyuma iliitikia mwito wa vyama vya wafanyakazi ilianza kuhesabiana kwa makabila. Sitasema Mboya angeiokoa Kenya, kwani yeye pia alikuwa mtu wa chama na serikali hiyohiyo. Ninachosema ni kwamba mauaji yale hayakuletwa na mfumo peke yake. Kuna mtu alifyatua, na wako waliokuwa na mamlaka ya kutafuta ukweli wote wakaridhika na nusu.

Miaka ya 1970 inawakera wanaotaka hadithi ya wabaya watupu, kwa sababu mambo mengi yalijengwa. Buruburu ilianza kuinuka kwa fedha za shirika la maendeleo la Uingereza, awamu baada ya awamu. Umoja ilipata fedha za Marekani. Dandora, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa 1975, ilipimwa ploti karibu 6,000. Mwenye kipato kidogo alipewa kiwanja, maji na choo, kisha ajenge mwenyewe kadiri anavyoweza. Wengi walijenga vyumba vya kupangisha, na hadi leo Dandora ni mtaa wa wapangaji.

Jirani na ploti hizo, kwenye machimbo ya zamani ya mawe kando ya Mto Nairobi, baraza la jiji lilianza kumwaga taka. Mwaka 2001 dampo hilo lilitangazwa kuwa limejaa. Mwaka 2007 uchunguzi uliofadhiliwa na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, ulipima watoto 328 wa eneo hilo, na nusu yao wakakutwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokuwa kinakubalika. Wakati dampo linaanza rais alikuwa Kenyatta. Moi akalikuta, akaliacha. Kibaki vivyo hivyo, Uhuru Kenyatta vivyo hivyo, na Ruto naye akalikuta. Hili ni kosa la aina nyingine, lisilo na saini moja, kwa sababu kila mmoja alisema amelikuta. Na kila aliyeingia madarakani akijua limejaa, akatoka likingali linajaa, amechukua fungu lake la lawama ya watoto wale.

Sasa nifike miaka ya 1980, ambayo ndiyo kiini cha ubishi wa mitaani. Wengi wa rika langu hulikunja simulizi lote katika jina moja, Moi. Sitamtetea, ila nataka kumlaumu sawasawa. Sensa ya 1979 ilihesabu watu wapatao 828,000 Nairobi. Ya 1989 ikahesabu milioni 1.32, na ya 1999 milioni 2.14. Hakuna rais aliyewazaa watu hao, na nyumba za baraza hazingeweza kuongezeka kwa kasi hiyo hata chini ya serikali safi. Yapo pia aliyoyafanya ambayo mafundi wa Gikomba wanayakumbuka: katikati ya miaka ya 1980 alifika Kamukunji kwa wafua chuma waliokuwa wakifanya kazi juani, na mabanda yakajengwa. Watoto wa shule za msingi walikunywa maziwa ya Nyayo.

Agosti 1, 1982, wanahewa wa vyeo vya chini, wengine kutoka kambi ya Eastleigh hapa kwetu, walijaribu kupindua serikali. Walishindwa siku ileile. Kuanzia hapo mkono wa Ikulu ulikaza kila mahali, na mwaka 1983 serikali ililisimamisha baraza la jiji kwa sababu ya madeni na usimamizi mbovu, ikaweka tume ya watu wa kuteuliwa. Madeni yalikuwepo, na wizi City Hall haukuwa uzushi. Lakini tume iliyotarajiwa kuwa ya muda ilikaa hadi uchaguzi wa 1992. Miaka tisa, wakati mji unaongezewa watu karibu nusu milioni, mkazi wa Makadara au Kariobangi hakuwa na diwani wa kumgongea mlango.

Linganisha na Dar es Salaam. Mwaka 1996 serikali ya Tanzania nayo ililivunja baraza la jiji hilo kwa malalamiko yanayofanana, ikaunda tume chini ya Charles Keenja. Tume ile ilishughulikia taka na mapato, na mwaka 2000 wananchi wakachagua madiwani tena. Chombo kilekile, lugha ileile ya kusafisha jiji, na mwisho tofauti. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema mtu hana uzito, mfumo ndio kila kitu. Aliyeamua tume ya Nairobi iongezewe muda mara kwa mara alikuwa na njia nyingine mbele yake, na majirani wakatuonyesha baadaye kwamba inapitika.

Mitaa haikukaa kimya. Katika uchaguzi wa mlolongo wa 1988, wapiga kura walipopangwa nyuma ya picha za wagombea, Rubia, yule meya wa kwanza, alitangazwa kushindwa Starehe. Mei 1990, yeye na Kenneth Matiba wakadai hadharani vyama vingi, na mwezi huohuo vibanda vya Muoroto, karibu na stendi ya mabasi ya Machakos, vikabomolewa kwa nguvu na askari wa jiji na polisi. Wawili hao waliitisha mkutano Kamukunji tarehe 7 Julai. Walitiwa kizuizini siku tatu kabla. Watu walikwenda hata hivyo, wakakutana na marungu na risasi, na ghasia zilienea kwa siku kadhaa, watu wasiopungua 20 wakauawa. Siku hiyo tunaiita Saba Saba. Mwaka uliofuata kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kiliondolewa.

Mtihani mgumu kwa wanaomlaumu mtu mmoja ulifuata hapo. Desemba 1992 Nairobi iliitupa KANU, ikabaki na kiti kimoja tu cha ubunge kati ya vinane. Baraza la jiji likarudi mikononi mwa madiwani waliochaguliwa, wengi wao wa upinzani. Kama shida ilikuwa Moi na KANU peke yao, viwanja vya Eastlands vingepona. Havikupona. Uwanja wa mpira ulikuwa unalala ukiwa wazi na kuamka umezungushiwa mabati. Vyoo vya umma, hifadhi za barabara, nafasi zilizoachwa kwa ajili ya shule na zahanati, vyote vilipata wenyewe wapya.

Mwaka 2003 Rais Kibaki aliunda tume chini ya wakili Paul Ndung'u, ikatoa ripoti 2004. Ilikadiria kwamba hatimiliki zisizopungua 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002, nyingi mno kuanzia 1986. Ilieleza namna kazi ilivyofanyika. Rais alikuwa na uwezo wa kugawa ardhi ya serikali, kwa sheria ile iliyorithiwa kwa gavana, lakini kwa masharti na kwa manufaa ya umma. Marais wakayavuka masharti. Kamishna wa Ardhi akagawa asichokuwa na ruhusa ya kugawa. Aliyepata barua ya ugawaji aliiuza kabla wino haujakauka, na mara nyingine mnunuzi alikuwa shirika la umma lililosukumwa kununua kwa bei ya juu, yaani akiba ya wafanyakazi iligharamia wizi wa ardhi ya wafanyakazi. Mameya na madiwani, waliokabidhiwa viwanja vya mitaa wavitunze, waliguswa na ripoti hiyo bila kujali chama.

Sijasoma hati nyingine inayojibu swali letu vizuri kuliko hiyo. Inalaumu sheria na inalaumu watu, na viambatisho vyake vinataja majina. Haimpi rais nafasi ya kusema ni makarani, wala haimpi karani nafasi ya kusema ni agizo kutoka juu. Mpima ardhi aliyechora ploti juu ya uwanja wa watoto alikuwa akiona watoto wakicheza. Diwani aliyeinua mkono alikuwa na anwani mtaani.

Na sisi? Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, ila mjini janga la mkubwa huliwa zaidi na watu baki. Tarehe 30 Desemba 2007 Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, alitangaza matokeo ya urais na Mwai Kibaki akaapishwa jioni ileile. Usiku huo na siku zilizofuata Mathare, Huruma, Dandora na Kariobangi ziligawanyika. Jirani alimfukuza jirani, wapangaji wakahamia upande wa lugha yao, na baadhi ya nyumba zikabaki mikononi mwa waliozivamia. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima. Ilieleza mizizi ya muda mrefu: ardhi, vijana wasio na ajira, magenge yaliyozoea kukodiwa na wanasiasa, na urais wenye nguvu nyingi mno hivi kwamba kila jamii iliuona ni suala la uhai. Kisha ikafunga majina ya washukiwa kwenye bahasha na kumkabidhi Kofi Annan. Mizizi na majina, vyote pamoja.

Mwendesha mashtaka wa Mahakama ya The Hague aliwataja washukiwa sita mwaka 2010. Kesi ya Uhuru Kenyatta iliondolewa Desemba 2014, ya William Ruto ikakatizwa Aprili 2016, na hakuna aliyepatikana na hatia. Mashtaka yaliyothibitishwa hayakugusa Mathare wala Huruma ya Nairobi. Pale aliyeshika panga alikuwa kijana wa mtaa, na ni lazima tuseme hivyo pia. Hakuna rais aliyemshika mkono. Lakini ni makosa makubwa kugawa lawama sawa kwa sawa kati ya kijana asiye na kodi ya chumba na mtu aliyekuwa na vyombo vyote vya dola vya kuzuia vurugu zile.

Katiba ya 2010 iliichukua ile kalamu ya 1915 kutoka Ikulu, ikaipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kusimamia ardhi ya umma. Huo ni ushindi wa kweli, na wa mfumo. Haukutosha. Aprili 2016 jengo la ghorofa nyingi lilianguka Huruma, kandokando ya mto, likaua watu wapatao 50. Lilikuwa limekwisha kuwekwa alama nyekundu ya kubomolewa, na wapangaji wakaendelea kulipa kodi. Februari 2020 Gavana Mike Sonko, aliyeanzia siasa zake Makadara, alitia saini Ikulu kukabidhi kazi muhimu za kaunti kwa serikali kuu, na jiji likawekwa chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi. Kwa mara ya pili tangu uhuru, kazi za watu waliochaguliwa na Nairobi ziliwekwa mikononi mwa watu walioteuliwa. Desemba mwaka huo Sonko aling'olewa na Seneti.

Hukumu yangu ni hii. Kiongozi asilaumiwe kwa mvua, kwa sensa wala kwa udongo mweusi. Alaumiwe kwa kila karatasi aliyoitia saini na kwa kila karatasi aliyokuwa na wajibu wa kuitia saini akaikalia, na lawama hiyo isipunguzwe hata chembe na ukoloni. Kwa kipimo hicho Kenyatta, Moi, Kibaki na Uhuru kila mmoja ana fungu lake, na City Hall ina fungu kubwa kuliko tulivyozoea kukubali, kwa kuwa kelele zetu zote huelekezwa Ikulu.

Ripoti ya Ndung'u ilipendekeza mahakama maalumu ya kufuta hatimiliki haramu. Mahakama hiyo haikuundwa. Lakini kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya 2016 ya upatikanaji wa habari vinampa kila Mkenya haki ya kudai taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Wewe unayekaa Jericho, Umoja au Kariobangi, unaujua uwanja uliokuwepo ulipokuwa mtoto na sasa una ghorofa. Andika barua kwa kaunti na kwa Tume ya Ardhi, uulize ploti ile iligawiwa lini, kwa nani, na nani alitia saini. Wakusanye majirani kumi waandike pamoja nawe, kisha mpelekeeni nakala mwakilishi wa wadi yenu kabla hajaja kuomba kura.